Kwako Mheshimiwa Promota, Kuhusu Orodha ya Maneno ya Siri

Baba Mheshimiwa, mlezi wa shule, nguzo ya Likasi kuanzia Kikula hadi Shituru.

Mimi mtoto wako, fundi mdogo wa programu katika komine ya Panda, nakuandikia hadharani kwa kuwa mlango wa ofisi yako umejaa wanaokuja kukushukuru, na mtu mwembamba kama mimi hapati pa kupita. Uniwie radhi.

Kwanza pongezi. Kuwafungulia wazazi ukurasa wa intaneti wa kutazama pointi za watoto na risiti za minervali (karo) ni hekima ambayo sisi wadogo tunaistaajabia kwa mbali. Utepe umenunuliwa, wageni wamealikwa, nasikia hata hotuba imekwisha kuandikwa. Kimebaki kitu ambacho hakitaonekana katika picha za sherehe: hifadhidata ya wazazi watakaoingia.

Umeagiza, kwa ukarimu wako usio na mpaka, nikuwekee katika simu orodha ya Excel yenye jina la kila mzazi na neno lake la siri, ili anayesahau akupigie wewe mwenyewe. Baba, mkubwa gani mwingine angekubali kuamshwa usiku na mama wa Kikula aliyesahau tarakimu nne? Ila, nasema nikiwa nimeinama, orodha hiyo haipo na haitakiwi kuwepo. Tangu mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walipoeleza jinsi Unix inavyolinda maneno ya siri, fundi anayejiheshimu hatunzi neno lenyewe. Hulichanganya na herufi za kubahatisha ziitwazo chumvi, ili wazazi wawili waliochagua neno moja wasitambulike, akalipitisha katika hesabu isiyorudi nyuma na kutunza matokeo tu. Mahindi yakishasagwa kuwa unga, hata amri yako, ambayo sote tunaitii, haiyarudishi kuwa mahindi. Anayesahau hutumiwa SMS ya kuweka neno jipya, nawe unalala.

Kampuni ya RockYou ya Marekani ilitunza maneno ya siri wazi, kama unavyopenda. Desemba 2009 wezi waliyakuta zaidi ya milioni 32, na lililotumiwa na wengi kuliko yote lilikuwa 123456. Nawe unawajua wazazi wetu: wengi namba ya siri watakayoingilia hapa ndiyo hiyohiyo wanayofungulia M-Pesa. Simu yako ikichopolewa sokoni (nani angethubutu, lakini tuseme), mwizi atakuwa ameshika pesa za wazazi wa shule nzima, na jina la kwanza kutajwa litakuwa lako tukufu. Isitoshe, ile Code du numérique ya nchi yetu, amri-sheria 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Nimeisoma nikitafuta mahali panapowasamehe wakubwa; labda mwandishi alipitiwa.

Mengine ni madogo. Hifadhidata ingali faili moja katika laptopu yangu. Itakapohamia kwenye seva, umependekeza programu itumie akaunti ya root, yenye mamlaka yote, na neno la siri liwe jina lako kwa kuwa halisahauliki. Kweli, hakuna Likasi nzima wa kulisahau, na hapo ndipo ninapoogopa. Niruhusu niipe programu akaunti yake isiyoweza kufuta majedwali, neno lake refu likae katika mipangilio ya seva badala ya kuandikwa ndani ya msimbo, mlango wa hifadhidata ufungwe kwa watu wa nje, na nakala itunzwe mahali pengine, maana umeme wa hapa hukatika bila kuomba ruhusa yako.

Agizo lako kwamba wazazi waingie kwa barua pepe nalo litawaacha nje wazazi wengi wenye simu tu. Badala yake nimeweka namba ya simu, ila si kama kitambulisho cha kudumu, kwani watu hubadilisha laini.

Naomba wiki mbili, Baba. Zikionekana nyingi, kata utepe siku uliyoipanga, wageni wale, wapiga picha wafanye kazi yao. Lakini ukurasa wa kuingilia ubaki umefungwa hadi nimalize. Na ile orodha, kwa heshima zote, usiniagize tena.

Mtoto wako mtiifu,
Fundi wa programu, Panda, Likasi