Vilima Saba, Abiria Mmoja: Kutoka Paa la KICC Hadi Ngong

Wapo watu wa Nairobi wanaopanda vilima ili wapunguze kitambi, wapate picha, au wamkimbie shemeji aliyekuja kukaa wikendi moja na sasa anasalimiana na mama mboga kwa jina. Halafu tuko sisi tunaopanda na mtoto mgongoni, ambao hata majirani hawaelewi tunatafuta nini. Orodha hii ni yetu. Inaanza namba saba na kushuka hadi moja, na kigezo si mandhari wala urefu. Kigezo ni abiria. Anakaa juu, hatembei, halipi, na neno la mwisho ni lake. Usipokubaliana na mpangilio, mlalamikie yeye.

Sharti kabla ya kuondoka: kama mtoto bado hajaweza kukaa mwenyewe na kuikaza shingo, kibebeo cha fremu si chake. Endelea na leso au ngoi ya nyanya yake. Na akiwa ndani, magoti yakae juu kuliko makalio. Miguu ikining'inia kwa saa mbili itakufa ganzi, na wewe utakufa kwa kelele.

Wa Runda wataniuliza msitu wa Karura uko wapi. Uko kaskazini. Sisi tunaelekea magharibi.

7. Paa la KICC

Tulia, najua si kilima. Lakini jumba lina ghorofa 28 na mita 105, limesimama tangu 1973, na ndio mlima pekee nchini ambao lifti inakubebea mzigo karibu hadi kileleni. Ngazi za mwisho ni zako. Siku isiyo na ukungu utaiona Ngong upande wa magharibi, na hapo unaweza kumwonyesha abiria mahali mnapokwenda. Hataangalia. Atakuwa anavuta sikio lako. Faida kubwa ya huku juu ni kwamba matatu za Nairobi zinaonekana bila kusikika.

6. Uhuru Park

Ingilia upande wa Uhuru Highway, panda kuelekea Community, na kabla hujafika juu utajua kama mikanda ya kibebeo umeifunga sawa au umeivaa kama begi la shule. Afadhali ulijue hapa, palipo na benchi. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga mnara wa ghorofa 60 katika bustani hii, na Profesa Wangari Maathai akasimama mbele yao hadi mpango ukafa. Angeshindwa, namba sita ingekuwa lifti nyingine.

Kuna maji ya kutazama, kuna nyasi za kubingirika, na kuna mpiga picha atakayewafuata hadi mkubali.

5. Giraffe Centre, Lang'ata

Kupanda kwenyewe ni ngazi za jukwaa tu. Lakini mtoto aliye mgongoni anakutana na twiga uso kwa uso, na ulimi wa twiga ni karibu nusu mita. Wewe utakuwa umegeuka mbele unasoma bango. Utajua kilichotokea nyuma kwa kusikia kicheko au kilio, na kwa vyovyote vile, kofia imelowa.

4. Msitu wa Ngong Road

Huu ni msitu wa kweli, ingawa barabara ya Southern Bypass imepita katikati yake na malori yanaimba upande wa pili wa miti. Usiingie peke yako. Omba askari wa msitu akusindikize, na uende asubuhi. Njia ni tambarare na mtoto hulala haraka, ndiyo maana msitu umeishia namba nne: abiria aliyelala hapigi kura.

Jirani yake ni uwanja wa mashindano ya farasi. Kule farasi anabeba mtu, analishwa vizuri, anasuguliwa mgongo, na watu wanamwekea dau. Nawe umebeba mtu.

3. Arboretum

Ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, maana reli ilikuwa inakula kuni kwa fujo. Kwa hiyo hekta 30 za kivuli unachojivunia leo zilipandwa na watu waliokuwa wanawazia tanuri la garimoshi. Miteremko ya kushuka hadi Kirichwa Kubwa inatosha kukutoa jasho bila kukutoa roho, na ukichoka, Kileleshwa iko pale, teksi tele.

Wenye mahali ni tumbili. Sheria yao ni moja: ndizi yoyote iliyo juu ya kimo cha bega ni mali ya umma. Mtoto aliye mgongoni anakula juu ya kimo cha bega. Mpe chakula mkiwa mmekaa, wewe ukiwa unamtazama, na usimwachie mkononi kitu ambacho hutaki kukiona mtini.

Halafu kuna waombaji. Asubuhi na mapema watu hutawanyika chini ya miti na kuomba kwa sauti, kila mmoja na mti wake na shida zake. Ukimlaza mtoto kwa dakika arobaini, hakikisha hupiti karibu na anayekemea pepo.

2. Oloolua, Karen

Njia hii iko ndani ya msitu wa taasisi ya utafiti wa nyani na jamaa zao, kwa hiyo usishangae ukiona wewe ndiye unayechunguzwa. Ina kila kitu ambacho mtoto angeweka kama angechora msitu mwenyewe: mianzi inayolia kama mlango usiotiwa mafuta, mto Mbagathi, maporomoko madogo, na pango ambalo husimuliwa kuwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo.

Hapa pangoni ndipo kanuni kuu ya fremu inapofundishwa. Kichwa chake kiko juu kuliko chako. Wewe ukiinama kiunoni ili ukwepe mwamba, yeye unamrusha mbele kuupokea. Chuchumaa kwa magoti huku mgongo umenyooka, au mshushe kabisa umshike mkono. Kanuni ni hiyo hiyo kwa matawi: usipime kwa macho yako, pima kwa kofia yake.

Maporomoko yatampendeza kwa muda mrefu kuliko subira yako. Mwache. Maji yanaanguka, halafu yanaanguka tena. Kwa umri wake hiyo ni filamu kamili.

1. Ngong

Sasa ndio mlima. Vilele saba vimepangwa mstari mmoja, cha juu kikiitwa Lamwia, mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Mashariki ni Nairobi yote. Magharibi ardhi inakatika na Bonde la Ufa linaanza, na siku safi unaona Suswa na Longonot. Dunia ilihitaji mamilioni ya miaka kulipasua lile bonde. Abiria wako ataangalia mbuzi.

Getini kwanza. Tangu Juni 2020 plastiki ya kutumika mara moja imepigwa marufuku kwenye hifadhi zote, misitu ikiwemo, kwa hiyo ile chupa ya maji uliyonunua stejini itabaki na askari. Nepi iliyotumika nayo haina kwao kule juu: mnapanda pamoja, mnashuka pamoja. Lipia pia askari wa kuwasindikiza ikiwa mnapita vilele vya kwanza. Huko mbele watu waliwahi kuporwa, na mtu mwenye kilo kumi na tano mgongoni hawezi kumshinda mbio hata mchungaji mzee.

Upepo ni kitu kingine. KenGen imejaza mitambo ya umeme wa upepo upande wa kaskazini wa vilima, na miwili ya kwanza ilisimikwa 1993. Wahandisi hawakupanda huko kwa ajili ya hewa safi. Kile kitambaa cha kivuli juu ya kibebeo kikunje mapema, la sivyo utashukia Magadi kabla ya wakati.

Hatari yenyewe haina kelele. Wewe unapanda, unatoka jasho, unafungua zipu na kusema leo kuna joto. Yeye amekaa tu, hajasogeza hata mguu, na upepo unamchapa. Kila kilele gusa shingo yake kwa nyuma. Mikono haisemi ukweli, mikono ya watoto siku zote ni baridi. Mvalishe nguo moja zaidi ya zako, kofia ifunike masikio, na mafuta ya jua yasisahaulike hata kukiwa na mawingu, maana hapa tuko karibu na ikweta na tumepanda juu.

Usipofanya hivyo, usijali, Kenya ina wakaguzi wa kujitolea.

"Baba, hiyo mtoto haina soksi," atasema mama anayechoma mahindi karibu na geti.

"Anazo, shosho, amezivua."

"Mrudishie."

Utamrudishia. Atazivua tena kilele cha pili. Njiani utampita mchungaji mdogo atakayekuuliza, kwa huruma kabisa, kama mtoto ni mgonjwa hawezi kutembea. Kisha utapitwa na mama aliyevaa viatu vya tairi, mtoto kamfunga kwa shuka mgongoni, kuni kichwani, akiongea kwa simu. Atakusalimu bila kuhema. Mwitikie kwa kichwa kama pumzi hazitoshi.

Wenye nguvu huenda vilele vyote hadi Kona Baridi, saa nne hivi kwa mtu asiye na mtoto. Mwenye mtoto ahesabu kwa chakula na nepi, asihesabu kwa vilele. Mimi husema kilele cha tatu kinatosha: mandhari ni ileile, mbuzi ni walewale, na kurudi bado kuna kupanda. Rafiki zangu wa vilele saba hunicheka, lakini hakuna aliyewahi kujitolea kuibeba fremu.

Kwa nini basi ni namba moja? Abiria ameamua. Kule juu anapiga kelele upepo unazichukua, hakuna jirani wa kugonga ukuta, na anapowajibu mbuzi, mbuzi wanamjibu.

Kurudi ni bodaboda hadi mjini Ngong, mtoto mbele yako kifuani, fremu imekunjwa mgongoni, kisha matatu ya 111 hadi tao. Mtoto atapakatwa bure. Fremu haipakatiki, kwa hiyo makanga ataidai nauli ya mtu mzima. Bishana naye hadi Karen, halafu lipa.