Sifa za Mheshimiwa Kibofu

Itifaki imezingatiwa. Wageni waalikwa, wanamichezo, akina mama mlioketi na akina mama mliosimama huku mmepishanisha miguu kwa sababu mnazozijua wenyewe: nimesimama kumsifu mtumishi ambaye hajawahi kutungiwa hotuba. Moyo umesifiwa na washairi mpaka ukavimba kichwa. Macho, shingo na mwendo vina taarabu zake. Hata ini lina nyonda wake wa kulikalia. Lakini Kibofu cha mwanamke aliyezaa, kisha akaanza kukimbia ukubwani, kimekosa malenga. Leo kimempata, tena aliye karibu nacho kuliko anavyotaka.

Enzi za mchakamchaka wa shule ya msingi, Mheshimiwa alikuwa mtumishi mtiifu, hasikiki wala haonekani. Baada ya watoto wawili akapanda cheo, akajipatia ofisi na msemaji wake. Mimi sikujua mpaka nilipoingia barabarani, kwa sababu zile zile zinazowaingiza wengi: nguo zilizogoma kufungwa, pumzi inayoishia ghorofa ya kwanza, na daktari aliyetaja presha mara moja tu, kisha akanitazama.

Utendaji wake si wa kificho. Kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, mwanamke ana misuli iliyotandazwa chini ya nyonga kushikilia kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Mimba huilemea misuli hiyo miezi tisa; mtoto huivuta anapopita, na mara nyingine huchanika ikashonwa. Aliyezaa kwa upasuaji naye asijione amesalimika, maana mzigo aliubeba. Sasa mtoe mama huyo akimbie. Kila mguu unapogonga lami, mwili hupokea kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Misuli ikichelewa kubana hata kidogo, Mheshimiwa anatoa taarifa kwa umma. Chafya, taarifa. Kicheko, taarifa. Kuruka dimbwi pale Mwenge, taarifa yenye viambatisho.

Fadhila zake ndogo nitazipitia haraka. Amenipunguzia gharama za mitindo: suruali zangu za kukimbilia ni nyeusi, nyeusi na nyeusi. Amenizidishia ibada, kwani natawadha mara nyingi kuliko imamu. Amenifunza unyenyekevu, ni vigumu kumdharau binadamu yeyote ukiwa umeinama kona ya barabara ukijifanya unafunga kamba za viatu. Na amewaondolea lawama wenzake wote. Akiwepo yeye, nani atakumbuka maziwa yanayoshuka kilomita ya pili kwa sababu mtoto wa watu amelia dirishani? Nani atataja mapaja yanayochubuana mpaka maji ya kuoga yanakuwa pilipili, au sidiria ya mtumba iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamke wa nchi nyingine asiyenyonyesha?

Fadhila yake kuu, ambayo kwayo Chuo Kikuu Ardhi kingefaa kumtunuku shahada ya uzamivu ya heshima, ni ubingwa wake katika mipango miji. Wakazi wa Dar es Salaam hudhani jiji lao ni kata, mitaa na barabara. Mheshimiwa amenionyesha kwamba jiji ni vyoo vilivyotenganishwa na mashaka. Saa yangu ya mkononi huhesabu kilomita. Yeye hupima kutoka mlango hadi mlango, na hajawahi kukosea. Vyoo vyote ameshavipanga katika madaraja.

Daraja la kwanza ni hoteli. Huko huingii kwa miguu, unaingia kwa sura. Unatembea taratibu, unamsalimia mlinzi kabla hajakusalimia, unatazama saa kana kwamba mkutano unakusubiri, unapita. Usithubutu kuuliza choo kiko wapi. Mgeni wa hoteli haulizi.

Daraja la pili ni sheli. Choo kipo na ufunguo upo, umefungwa kwenye kipande cha mbao usipotee, ila aliyekabidhiwa mbao amekwenda kunywa chai. Kijana wa pampu atakwambia, "Subiri kidogo, mama." Mheshimiwa anaelewa mambo mengi ya jiji hili, lakini hilo la kusubiri kidogo hajawahi kulielewa.

Daraja la tatu ni choo cha kulipia cha stendi, ambacho ni kisafi kuliko kinavyosemwa, isipokuwa kina utaratibu. Noti niliyoikunja ndani ya sidiria humfikia mhudumu ikiwa imelowa jasho. Huishika kwa ncha za vidole viwili, huitazama, kisha hutamka kwamba chenji hana. Namwambia abaki nayo yote. Hakuna tajiri wa jiji hili anayetoa sadaka kwa moyo mkunjufu namna ile.

Na nje ya madaraja yote kuna msikiti, ambao hufunguliwa kabla sijafunga kamba za viatu. Kwa ajili yake nakimbia na kanga kiunoni. Wazee wakiniona nakata kona kwa kasi kuelekea upande wa wanawake, alfajiri ile, husema mashaallah. Sijawahi kuwasahihisha.

Utafiti wake wa juu kabisa ameufanyia kwenye Daraja la Tanzanite. Lilifunguliwa mwaka 2022, urefu wake unazidi kidogo kilomita 1, linakatiza juu ya bahari hadi upande wa Coco Beach, na asubuhi za mwisho wa wiki wakimbiaji wa jiji hukutana hapo. Njia ya waenda kwa miguu ni nzuri, na upepo unabembeleza. Na chini, kushoto na kulia, ni maji. Yanapiga nguzo, yanamwagika, yanarudi kumwagika tena. Ukiwa katikati, nusu kilomita iko mbele, nusu kilomita iko nyuma, na bahari nzima inakuita kwa jina. Waliolisanifu walikokotoa mawimbi, chumvi na uzito wa malori. Natamani katika chumba kile cha hesabu angekuwepo mama mmoja mwenye mafua.

Nisimsifu mno. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wangu hahitaji kuhimizwa kutia maji.

Kwa kumwamini, nilijiandikisha nusu marathoni ya hisani, ambayo siitaji jina kwa sababu hisani yenyewe ilikuwa ya kweli. Fulana tuliyogawiwa ilikatwa kwa vipimo vya mwanamume mnene. Meza za maji zilipangwa kwa ukarimu njia nzima, na vijana waliozisimamia walikuwa na bidii: "Kunywa mama, kunywa!" Tukanywa. Pa kuyapeleka hapakuwepo, ila vibanda vichache pale mwanzo, na foleni ya wanawake ilikuwa bado imesimama mbio ziliposhaanza. Wanaume wao walikuwa na ukuta. Mwanamume wa Dar es Salaam akibanwa na haja ndogo jiji zima ni ukuta, hasa ule ulioandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku. Choo kimoja kisafi kilikuwepo, chenye sabuni, maji na askari mlangoni. Kilikuwa cha mgeni rasmi, ambaye alikimbia mpaka wapigapicha walipotosheka.

Baada ya mbio nilimfuata mmoja wa waandaaji. Nilimweleza kuwa mwaka 2005, katika London Marathon, Paula Radcliffe alilazimika kusimama kando ya barabara akajisaidia mbele ya kamera za dunia, akainuka, akashinda kwa saa 2:17:42. Nilidhani nimemshika pabaya. Alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe inawezekana bila choo."

Ukilalamika zaidi ya hapo, unaletewa Faith Kipyegon. Mwanamke anayekimbia akiwa ameacha mtoto nyumbani lazima achapwe kwa Faith Kipyegon. Mbona yeye alizaa mwaka 2018, akachukua dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na Paris mwaka 2024 akaichukua tena? Ni kweli, na Mungu amzidishie. Lakini kukimbia ndiyo kazi yake, na ana kocha. Kocha wangu mimi ni bodaboda anayepunguza mwendo kando yangu na kuniuliza, "Mama, nani anakukimbiza? Panda nikuwahishe."

Hapa naomba niweke karatasi ya hotuba chini.

Baada ya kujifungua nilirudi kliniki kama nilivyoelekezwa. Wiki ya sita mtoto alitundikwa kwenye mzani, nukta ikawekwa kwenye kadi, akachomwa sindano, akapewa matone, akasifiwa mashavu. Mimi niliulizwa kama nanyonyesha, na njia gani ya uzazi wa mpango nitatumia. Yaani kuhusu huko chini kilichotakiwa kujulikana ni lini patatoka mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza: mama, ukikohoa unavuja? Simlaumu muuguzi, alikuwa peke yake na benchi lilijaa mpaka barazani. Namlaumu aliyechapa fomu bila mstari huo, na aliyeipitisha, na waliokaa semina kuizindua wakala keki. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba angalau siku 3. Siku ya 85 inachukuliwa kwamba mwili umerudishwa ukiwa kamili kama ulivyoazimwa.

Bibi zetu angalau walikubali kwamba kuna jambo limetokea. Walitukanda kwa maji ya moto, wakatufunga mkaja, wakatunywesha uji wa pilipili manga mpaka arobaini ikatimia. Tumbo walilipa haki yake, na huko chini wakamwachia kungwi.

Na kungwi ndiye anayenichoma kuliko wote, kwa sababu alijua. Kwenye kichen pati yangu, baada ya kanga kugawiwa na mlango kufungwa, alinifundisha kubana na kuachia. Alisimamia zoezi, akasahihisha, akatilia mkazo. Ni misuli ile ile! Ni zoezi lile lile ambalo daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alilieleza kwa maandishi mwaka 1948, miaka 13 kabla ya Uhuru wa Tanganyika, akiwatibu wanawake waliovuja mkojo baada ya kuzaa. Tiba nzima ilinifikia kabla sijaumwa, bure, ikiwa na vigelegele. Ila bahasha yake iliandikwa jina la bwana harusi.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwona miaka mingi baadaye alinipa somo hilo upya, safari hii kwa jina langu. Bana kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu hadi kumi ukipumua kama kawaida, achia kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, na usitarajie makubwa kabla ya miezi mitatu. Wenzake wa Uingereza walitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mama asianze kukimbia kabla ya wiki 12 tangu ajifungue, na hata hapo apimwe kwanza. Hii ni tiba isiyohitaji umeme wala bohari ya dawa. Inafanyika ndani ya daladala iliyojaa. Naifanya sasa hivi nikiandika.

Fistula ni jambo jingine kabisa. Huko mkojo hutoka bila kukoma, mara nyingi baada ya uchungu uliokwama, na tiba yake ni kisu cha daktari bingwa. Hospitali ya CCBRT pale Msasani huitibu bila malipo, na mwenye nayo asingoje kesho. Mimi nazungumzia uvujaji ule mdogo tulioamua kuuita kawaida. Tafiti hukadiria kwamba huwapata karibu theluthi ya wanawake waliojifungua: theluthi ya benchi la kliniki, na theluthi ya foleni ile iliyoachwa na mbio. Nilipowauliza shangazi zangu waliniambia, "Kawaida, mwanangu, ndiyo uzazi," wakacheka sana. Lakini kabla ya kucheka walikaa chini, wote.

Karatasi naiinua tena. Wageni waalikwa, katika wote waliohusika na uzazi wangu, wengine walifunga jalada siku ya 42, wengine siku ya 85, na walionipenda zaidi walilifunga siku ya arobaini kwa ubani na udi. Mheshimiwa Kibofu peke yake ameendelea kuandika ripoti, kila siku, bila posho wala kikao. Hata baada ya zoezi kumtuliza, anapita mara moja moja kukagua.

Kwa uaminifu huo nimewaandikia waandaaji wa mbio za mwakani nikimpendekeza awe mgeni rasmi. Hatahitaji kiti cha mbele, hotuba wala shada la maua. Atapokea kile chumba kimoja chenye sabuni, maji na askari mlangoni, na kwa mujibu wa itifaki, msaidizi wake wa karibu ataingia naye.