Maskati hadi Pujini, kwa Kupitia Juu ya Pujini

Kutoka Maskati hadi Unguja ni kilomita kama 3,900 angani. Ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa tano au tano na nusu. Ya kuunganisha Addis Ababa au Doha hula siku nzima. Zamani jahazi lilingoja kaskazi, ya Disemba hadi Machi, likafika baada ya wiki kadhaa, na kurudi likangoja kusi. Nahodha aliyechelewa alikuwa na upepo wa kuusingizia.

Oman imeitangulia Tanzania kwa saa moja. Anayeondoka Maskati saa tatu asubuhi hutua saa nane na nusu kwa saa ya mkononi, na saa saba na nusu kwa saa ya ukutani Unguja. Faida hiyo huishia yote kwenye foleni ya pasipoti. Hatari zaidi ni tiketi: 02:00 ni saa nane usiku, na jamaa wa kupokea akisomewa “saa mbili”, ama atawahi kwa saa sita ama atachelewa kwa saa sita.

Lakini balaa lenyewe ni jiografia. Pemba iko kaskazini ya Unguja, na ukilaza rula kwenye ramani kutoka Maskati hadi uwanja wa Unguja, inapita juu ya Pemba, karibu kabisa na kijiji cha Pujini. Yaani mwana wa Pujini hupitishwa juu ya paa la mamake, kafungwa mkanda, kapewa na juisi, asiweze kuteremka. Ndipo arudi nyuma kilomita kama 125.

Ndege ndogo ya kwenda Pemba huchukua nusu saa tu. Ikiwa imeshaondoka, atalala Unguja. Ikiwapo, shida ni mizani: mara nyingi huruhusiwa kilo 15, na begi la Maskati lina halua, udi, mablanketi mawili na vya watu waliosema “kidogo tu, hakina uzito”. Ndiyo maana wengi huishia kwenye boti ya Mkoani, bandari ya Pemba. Pujini wenyewe wanajua mateso ya mizigo, kwani masimulizi ya magofu yao yanasema mtawala wao wa kale, Mkama Ndume, aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Abiria wa kiti cha katikati, begi mapajani, hana haja ya kufafanuliwa.

Uwanja wa Pemba uko kilomita chache tu kaskazini ya Pujini, na hapo ndipo hesabu zote huharibika. Kila kipenu kina wa kuamkiwa, kila anayeamkiwa hutupia jicho begi, na chai haikataliwi. Aliyetua alasiri, mwenye mashangazi wanne njiani, ahesabu kufika kwao baada ya isha.