Mbwa Mkali Yuko Chini ya Meza

Getini kwetu Goba, Dar es Salaam, pameandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Maandishi yalitangulia, mbwa akafuata. Tulimpata akiwa mkubwa tayari, kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa akimfungia bandani usiku na mchana, na kwa kuwa ana kifua kipana na sauti ya kuvunja vikombe, watoto wakamwita Komando. Wauza mboga wakifika kwetu hupiga hodi kwa simu.

Kisha shangazi akaja kutoka Tanga, siku ya manyunyu. Alisoma maandishi, akasita, na Komando alipochomoza konani akibweka, shangazi wa watu akafanya jambo pekee lililomjia kichwani: akamwelekezea mwavuli na kubonyeza kitufe. Pwaa! Maua mekundu yakatanuka mbele ya pua ya mbwa. Komando aligeuka angali hewani, akapita jikoni, akakumba sufuria ya maharage, akaishia chini ya meza ya chakula, mkia ameufyata, kucha zinagonga sakafu kwa kutetemeka. Shangazi akaingia, akakunja mwavuli wake taratibu, akainama kumchungulia.

"Huyu ndiye mkali wenu? Si bora mngefuga paka!"

Nikamtetea mbwa wangu kwa kumtaja Charles Darwin. Katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu, bwana huyo anasimulia kuwa mbwa wake, mnyama mzima mwenye akili zake, alikuwa amelala kwenye nyasi siku ya joto na utulivu. Mbali kidogo palikuwa na mwavuli uliofunguliwa, na kila upepo ulipoutikisa, mbwa alinguruma na kubweka. Darwin aliona kwamba mbwa yule aliwaza hivi: kitu kinachotikisika bila mwenye kukitikisa, lazima pana kiumbe mgeni hapo.

"Jini," akasema shangazi, na mtu wa Tanga akikwambia hivyo hubishani naye.

Sababu yenyewe haina jini. Mtoto wa mbwa, tangu wiki ya 3 hadi kama ya 14 hivi, huipokea dunia kwa wepesi. Asichokutana nacho wakati huo, akikiona ukubwani hukishuku. Umri huo Komando aliumaliza akitazama mabati. Kwa hiyo helmeti ya bodaboda, boza la maji na mtungi wa gesi unaoviringishwa, vyote kwake ni uvamizi. Ongeza na masikio: binadamu husikia mitetemo hadi 20,000 kwa sekunde, mbwa hufika kama 45,000. Yalipopita matarumbeta ya harusi ya jirani juu ya pikapu, Komando alisikia hata makosa ambayo mpigaji alidhani ameyaficha.

Watu hudhani hofu ya mbwa huanza na kubweka. Huanza mapema zaidi, kwa kulamba pua pasipo chakula, kugeuza uso, kulaza masikio, kutoa weupe wa jicho. Ukimwona mbwa anapiga miayo mbele ya mtungi wa gesi, usidhani ana usingizi. Anaomba apewe nafasi. Akinyimwa ndipo anabweka, wengine wanauma, nasi tunaandika getini.

Shemeji, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, alikuja na dawa yake: mbwa aburutwe hadi kwenye mwavuli, azoee. Waliburutana. Shemeji alishika mnyororo kwa mikono miwili, Komando akarudi chini ya meza, na shemeji akafika huko huko, kwa kifua. Akiwa bado sakafuni akatuonya tusimbembeleze mbwa, eti tunamdekeza. Hapo pia alikosea. Hofu si deko. Kumpapasa anayetetemeka hakumfundishi kutetemeka.

Daktari wa mifugo alileta utaratibu wa polepole. Mwavuli uliokunjwa ulazwe mbali, pale ambapo mbwa anauona lakini bado anaweza kula, kwa maana mbwa aliyezidiwa na hofu hagusi chakula. Auone kwanza, ndipo apewe kipande cha maini. Kesho usogezwe kidogo, baadaye ufunguliwe nusu. Akikataa kula, mrudi nyuma. Maini yakawa yanaingia nyumbani kila siku, na watoto wakalalamika kwamba kwenye sahani zao hayafiki.

Dawa ikakolea kupita kiasi. Siku hizi mvua ikianza, Komando hutafuta mtu yeyote mwenye mwavuli, hukaa mbele yake, mate yanamdondoka. Shangazi alipokuja tena na kupokelewa hivyo, alipanda juu ya pipa la maji na kutangaza kwamba afadhali mbwa alipokuwa mwoga.

Fataki ndizo hazina utaratibu huo, maana haziji kidogo kidogo. Mkesha wa mwaka mpya ni usiku wa mbwa kuruka kuta na kupotea. Mtembeze mapema, mwingize ndani, shusha mapazia, fungulia redio, na usimfunge mnyororo. Vidonge vyako usimpe. Dawa muulize daktari wa mifugo kabla siku haijafika. Nawe jirani mwenye fataki, tunakuomba utujulishe mapema utawasha saa ngapi, kisha uziwashe zote kwa mkupuo, ziishe.