Bolti Iliyobaki

Katika karakana ya kuunganisha magari hakuna kitu kinachochekesha na kutisha kwa wakati mmoja kuliko bolti iliyobaki. Lori limeshasimama kwa matairi yake, rangi inang'aa, dereva wa majaribio ameshapanda, na mezani imelala bolti moja isiyo na kwao. Ni kama mtoto aliyekojoa kwenye mkeka wa msiba: kila mtu anamwona, hakuna anayesema ni wake. Desturi huimaliza kesi upesi. Bolti hutiwa mfukoni, hutoka getini ndani ya ovaroli, na hapo baadaye huonekana Mailimoja, Kibaha, ikiwa komeo la banda la kuku. Nadai kwamba bolti hiyo inaonewa. Yenyewe angalau imejitokeza kusema kuna jambo. Wa kuogopwa ni wenzake walioingia wote, lakini hakuna ajuaye wamekazwa kiasi gani.

Kibaha si mgeni wa mambo haya. Katika eneo lake la viwanda la TAMCO ziliunganishwa Scania za Sweden enzi za mashirika ya umma, yakaja matrekta ya Ursus ya Poland, kisha malori ya FAW ya China. Ninayoyasema hapa ni ya karakana yoyote ile, wala si ya kiwanda fulani. Gari hufika ndani ya kontena likiwa vipande, na kazi ya fundi ni kufunga, kutwa nzima. Kufunga kunaonekana kazi nyepesi kwa asiyeijua. Nati ikikuponyoka haianguki sakafuni mahali peupe. Huingia kwenye fremu, ikagonga mara tatu ili ujue kwamba ipo, halafu ikanyamaza. Palipo na nafasi ya mkono, jicho halifiki. Jicho linapofika, mkono haupenyi. Spana ya 17 ipo, ya 22 ipo, na bolti ni ya 19.

Hayo ni ya kucheka. Lililo zito ni kukaza. Bolti inapokazwa huvutika kidogo sana, na katika kutaka kurudi urefu wake ndipo inapobana vitu viwili pamoja. Ikikazwa kidogo, mtikisiko utailegeza; ikizidishwa, itavutika isirudi tena, au itakatika. Nati za magurudumu ya lori kubwa hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 600, yaani sawa na mtu wa kilo 60 kuning'inia kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Sasa mpeni kazi hiyo fundi wa kilo 85 anayekaza kwa uzito wa mwili, na aliyetoka tu kula ugali, tuone. Tena, uzi wa bolti ukipakwa oili, nguvu ileile itaivuta bolti zaidi, maana msuguano uliokuwa ukila sehemu kubwa ya nguvu umepungua. Kwa hiyo yule anayesema "nimeisikia kwa mkono, imekaza" amesikia mkono wake tu. Spana ya kupima mkazo haina tumbo wala zamu ya usiku.

Nitaambiwa: mbona mafundi wa Kisarawe, chini ya mwembe, hukaza kwa spana na kipande cha bomba, na lori linakwenda Maneromango na mzigo na kurudi? Ni kweli, na mikono yao naiheshimu. Lakini wana kitu ambacho mwenzao wa kiwandani hana: lori hurudi kwao, likiwa na dereva na matusi yake. Fundi wa mwembeni hukaza, hulaumiwa, hukaza tena, na mkono wake hufundishika. Wa Kibaha akishafunga, gari halioni tena. Kosa lake husafiri mpaka Kisarawe, na huko hufunguliwa na mtu asiyemjua, anayemlaani bila jina.

Mwenye hesabu atasema kusimamisha kazi kwa ajili ya bolti moja ni hasara. Toyota walitundika kamba ambayo mfanyakazi yeyote akiona kasoro huivuta, na tatizo lisipotatuliwa laini nzima husimama. Sijasikia kwamba kamba hiyo imewafilisi. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba wapakiaji huweza kuongeza akiba kwenye boksi, hivyo bolti iliyobaki pengine haina kosa. Sawa kabisa. Ila kama bolti hazikuhesabiwa kabla ya kuanza, ya akiba na iliyosahauliwa zinafanana sura, na zote mbili zitaishia kwenye banda la kuku.

Basi, wasimamizi wa zamu, hesabuni bolti za kila gari kabla halijaanza kufungwa, na wekeni kopo mlangoni. Anayeleta iliyobaki msimuulize jina lake. Muulizeni ni ya gari gani.