Sehemu 6 za Kuyawahi Majani, Tukianzia Mkiani

Kuanzia mwishoni mwa Septemba, majani ya Vermont na New Hampshire, Marekani, hugeuka mekundu na manjano, na barabara nazo hugeuka foleni. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, rangi ya kijani ya jani. Manjano yaliyokuwa yamefichwa na kijani hujitokeza, ilhali wekundu hutengenezwa papo hapo kwa sukari iliyonaswa ndani ya jani. Jua la mchana na ubaridi wa usiku ndivyo vinavyoukoleza. Kwa hiyo usiniulize tarehe, iulize hewa. Ninachokijua ni kwamba Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu, na wikendi hiyo mwenye hoteli hana huruma na mtu.

6. Woodstock, Vermont. Mji mzuri, tena unajijua. Jirani yake, huko Pomfret, kuna shamba la Sleepy Hollow, lililopigwa picha hadi wenyeji wakachoka. Wageni waliingia bila hodi, wengine wakibadili nguo kando ya barabara ili kila picha iwe na gauni lake. Mwaka 2023 barabara ya Cloudland ikafungwa kwa wageni msimu wa majani. Selfi imefunga barabara, dunia!

5. Stowe, Vermont. Uko chini ya Mount Mansfield, mlima mrefu kuliko yote jimboni: mita 1,340 hivi. Watu wa Nairobi, nyinyi mnalala juu zaidi ya hapo na hakuna anayewatoza kiingilio. Familia ya waimbaji ya von Trapp, ile iliyotengenezewa filamu, ilihamia hapa na hoteli yao ipo bado. Mandhari hayana ubishi. Bei ndizo zinazonirudisha nyuma.

4. Kancamagus, New Hampshire. Najua, hii ni barabara na si mji. Inatoka Lincoln hadi Conway, kilomita 55 hivi za msitu, bila kituo cha mafuta hata kimoja. Yule shemeji wa "tutajaza mbele" akae kiti cha nyuma.

3. Franconia, New Hampshire. Hapa ndipo aliposimama Mzee wa Mlimani, mwamba wenye sura ya mtu, hadi alipoporomoka tarehe 3 Mei 2003. Wazee wengine wakiondoka husahauliwa kabla ya arobaini. Huyu bado yumo kwenye namba za magari za jimbo. Kando ya ziwa lililo chini ya mlima wamesimamisha vyuma maalumu: simama panapolingana na kimo chako, tazama juu, na sura yake inarudi mahali pake. Msiba gani huu wenye kiingilio cha macho!

2. Windsor, Vermont. Daraja la mbao lenye paa, la mwaka 1866, linavuka mto Connecticut hadi Cornish, New Hampshire. Langoni kuna onyo la zamani: mwongoze farasi wako kwa mwendo wa pole au ulipe faini ya dola 2. Trafiki wa kwetu akisikia kiwango hicho atadhani ni matusi.

1. Montpelier, Vermont. Haya ni makao makuu ya jimbo yenye watu 8,000 hivi, na hakuna jimbo la Marekani lenye makao makuu madogo zaidi. McDonald's hakuna. Mabango ya matangazo barabarani nayo yalipigwa marufuku Vermont nzima mwaka 1968, kwa hiyo hakuna soda kubwa inayokukinga usione mti. Nyuma ya bunge lenye kuba la dhahabu kuna msitu wa Hubbard Park na mnara wa mawe. Panda kwa miguu, hakuna anayekudai. Ukishuka, agiza pankeki na shira ya mti wa mepli, wala usilalamikie bei: lita 1 ya shira hutokana na takriban lita 40 za utomvu.

Nenda katikati ya wiki, ulale Montpelier, na ubuki chumba kinachorudisha pesa ukighairi. Pankeki zikikukinai, mji wa Burlington haufiki mwendo wa saa moja kwa gari, na Wakongo waliohamia huko watakuelekeza ugali ulipo, kwa Kiswahili.