Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Hamburg: Mmetuharibia Kazi

Mshauri Elekezi wa Mazingira
(jina limehifadhiwa, leseni ipo)
Dar es Salaam.

Mamlaka ya Shirikisho ya Usafiri wa Majini na Hidrografia (BSH),
Hamburg, Ujerumani.

Ndugu Wakuu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NAMBA 160

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwandishi wa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira. Mwekezaji akitaka gati, mimi ndiye ninayethibitisha kwa maandishi kwamba bahari imeridhia. Katika kila ripoti ninayo aya moja ninayoipenda kuliko zote: "Kelele za chini ya maji wakati wa kupigilia nguzo zitakuwa za muda mfupi na za kiwango cha chini. Viumbe wa bahari watahama kwa hiari yao na kurejea kazi ikikamilika." Aya hii imenisomeshea watoto. Haina namba, haina kipimo, kwa hiyo haiwezi kuwa na kosa. Nimeibandika kwenye gati, nimeibandika kwenye bomba, na safari moja nimeibandika kwenye kituo cha mafuta cha Dodoma. Hakuna aliyeuliza bahari iko wapi.

Halafu mkaja ninyi. Kuanzia mwaka 2008 mkaanza kuandika kwenye vibali vyenu kwamba anayepigilia nguzo za mitambo ya umeme wa upepo kwenye maji ya Ujerumani asizidi desibeli 160 kwa pigo moja, zikipimwa mita 750 kutoka kwenye nguzo. Namba! Mngesema "kelele zisizidi kiasi" tungeelewana. "Kiasi" ni neno la kiungwana, linakaa popote unapoliweka. Lakini 160 ni 160. Mtu anashusha kinasa sauti majini, anasoma, na mkandarasi ama amezidi ama hajazidi. Wananchi wasiojua wataanza kulinganisha na spika za harusini, nami nitalazimika kuwaeleza kwamba desibeli za majini zinahesabiwa kutoka sifuri nyingine, kwa hiyo 160 ya kule si 160 ya ukumbini. Na kwamba kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nishati mara kumi. Hizo ni hesabu. Mimi nilisomea utunzi wa aya.

Na yote hayo kwa ajili ya nani? Kwa mnyama mmoja mfupi wa jamii ya pomboo mnayemwita Schweinswal, asiyefika hata mita mbili. Eti anaona kwa masikio: anatoa milio midogo midogo na kusikiliza mwangwi wake ili ajue samaki yuko wapi na mwanawe yuko wapi. Eti sauti majini husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Nguzo moja ya mtambo wa upepo, bomba la chuma lenye upana wa mita nane au zaidi, hupigwa nyundo maelfu ya mara mpaka izame ardhini, na pomboo walio umbali wa zaidi ya kilomita 15 wanakimbia. Sawa, wanakimbia. Si ndivyo nilivyoandika mimi, "watahama kwa hiari yao"?

Ningewasamehe kama kikomo chenu kingeshindikana. Nilikingoja kwa hamu kishindikane. Miaka ya mwanzo kilivukwa mara kwa mara, nikafurahi, nikasema sasa Wajerumani watarudi kwenye "kiasi" kama watu wengine. Badala yake wahandisi wenu wakatandika mabomba yenye matundu kuizunguka nguzo chini baharini, wakawasha kompresa melini, na hewa ikapanda kama pazia la mapovu. Sauti ikifika pale penye mchanganyiko wa maji na hewa inavunjika, nyingine inarudishwa, nyingine inamezwa. Wakaongeza pazia la pili nje ya la kwanza. Kelele zikashuka chini ya kikomo.

Hewa, wakuu! Mngetumia madini adimu au mtambo wa siri, ningeandika kwamba teknolojia haijafika nchi zinazoendelea. Sasa nitaandika nini? Kwamba pwani ya Afrika Mashariki haina hewa? Ni kweli mkondo mkali huyapeperusha mapovu, na ni kweli sauti nzito nzito hupenya kuliko nyembamba, na mambo hayo nimeyatunza vizuri kwa matumizi ya baadaye. Lakini gati zetu nyingi ziko kwenye maji mafupi kuliko Bahari ya Kaskazini, na bomba la kutandika ni fupi. Mnaona mlivyoniweka pabaya.

Hata hamkuwa wa kwanza. Hong Kong waliyatumia mapovu mwaka 1996, walipokuwa wakipigilia nguzo za gati la mafuta ya ndege la uwanja wao mpya, ili kuwapunguzia kero pomboo wenye nundu wa pale. Huyo ana ndugu yake kwetu, pomboo mwenye nundu wa Bahari ya Hindi, aliyeorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Naomba undugu huo msiutaje mbele ya wateja wangu.

Mwaka 2013 wizara yenu ya mazingira ikaongeza jingine: kelele zisisumbue zaidi ya asilimia 10 ya eneo lenu la Bahari ya Kaskazini kwa wakati mmoja, na mkandarasi akibana ratiba yake kwa ajili hiyo, shauri yake. Hapa kwetu nyangumi wa nundu hupanda kutoka Antaktika kila kusi, kati ya Julai na Oktoba, kuja kuzaa. Mnataka tumwambie waziri aahirishe kuweka jiwe la msingi kwa sababu kuna mama mjamzito Kizimkazi?

Msidhani huku hatuna sheria. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, Tanzania tangu 2015, na baa zimefungiwa kweli kweli. Ila kanuni hizo zilitungwa kwa sikio la binadamu aliyelala kitandani kwake. Na majini tunaye mkosaji wetu, mvuvi wa baruti. Huyo hatumwachi. Baruti inaua samaki na kubomoa matumbawe. Nyundo haibomoi hivyo, nakiri, kwa hiyo mmoja anakwenda jela na mwingine anakata utepe. Kinachoninyima usingizi ni namna anavyofuatiliwa. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania kwa mashua wakiburuta vinasa sauti majini, na katika mwezi mmoja hivi wakanasa milipuko zaidi ya 300. Maana yake vifaa vipo, na wanaojua kuvitumia wapo. Wakishazoea kumsikiliza mvuvi, nani atawazuia wasimsikilize mkandarasi?

Fikirini mambo ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Siku wavuvi kama wale watakapoingia mahakamani na rekodi ya kila pigo la nyundo, saa na dakika, mimi nitaelekezea wapi aya yangu?

Kwa hiyo naomba muifute namba. Sababu nimewatafutia: utafiti uliochapishwa 2021 unaonesha pomboo wenu wa Bahari ya Kaskazini wamepungua tangu 2002, pamoja na mapovu yote hayo. Watu wa kawaida watasema basi kuna meli, nyavu na mengine ya kushughulikia pia. Mtaalamu wa daraja langu atasema mapovu hayafai, yazimwe. Mkikosa wa kuwaandikia hivyo kwa lugha ya kitaalamu, nipo, na bei inazungumzika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mshauri Elekezi

Nakala: Pomboo wote, Kizimkazi hadi Watamu, kwa taarifa tu. Walialikwa kwenye mkutano wa wadau, hawakufika. Tumeandika hawana pingamizi.